Kaka anasema nisiguse hata skrubu ya gari la baba

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari lenyewe, limeegeshwa nyuma ya nyumba. Siku hizi hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza nimeamua nini.

Ni Volkswagen Beetle ya 1965, lile gari la mgongo wa kobe. Baba alilinunua mwaka 1974 likiwa limeshatumika, na wiki hiyohiyo akaenda nalo hospitali kumchukua mama aliyenizaa na kaka yangu mchanga. Mimi nilikuja miaka tisa baadaye. Baba aliliendesha hadi alipofariki, sasa ni mwaka wa tatu. Alisema wazi gari libaki kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi akilala chini yake. Tochi tu, Mama, si spana. Mlio wa injini ile naujua hata usingizini, lakini ukiniuliza kipi ni kabureta na kipi ni distribyuta nitabahatisha.

Mwaka wa kwanza nililitoa mwisho wa wiki tu. Baadaye gari langu la kawaida likafa, nikaanza kwenda nalo kazini, kilomita kumi na nane, nyingi zikiwa za barabara kuu. Nalipenda. Ila malori yananijia nyuma kama yanataka kunipanda, na usiku taa zake ni vibatari viwili.

Miezi miwili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, gari la mbele likasimama ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likavuta kushoto kama mtu aliyeshikwa mkono, likatoka kwenye lami, likasimama kwenye nyasi. Binti yangu wa miaka sita alikuwa kiti cha nyuma, na kiti hicho hakina mkanda. Alijigonga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Ulikuwa uvimbe tu, ukaisha baada ya siku tatu. Mimi bado nausikia ule mgongano.

Tangu hapo mume wangu amesema mtoto hapandi tena humo. Mimi hanizuii. Ananitazama tu nikitoka, na afadhali angenizuia.

Fundi niliyempelekea alilitazama kama dakika kumi, akasema hili ni gari la makumbusho na dawa yake ni moja: atoe injini, aweke ya kisasa ya kupozwa kwa maji, yenye nguvu zaidi ya mara mbili. Rejeta ikae mbele, bati la mbele likatwe kidogo, na kwenye magurudumu ya mbele aweke breki za diski. Injini anayo tayari. Anataka malipo ya awali kabla mwezi haujaisha, la sivyo anampa mteja mwingine.

Kaka naye nilimpigia simu. Akaniambia, "Usiguse hata skrubu. Liache alivyoliacha baba." Anaishi mbali, huja mara moja kwa mwaka, hupiga nalo picha, huondoka. Halijawahi kumzimikia mlimani. Nilipoona ugomvi unakuja nikamwambia liko kwa fundi linapigwa rangi. Ni uongo, na sasa kila akipiga ananiuliza rangi imekaukaje.

Usinione mtu asiyejali. Baba alikuwa na daftari la gari, kila alichofanya alikiandika na tarehe. Nimelisoma lote kama barua. Kuna "injini 1300, imefungwa" ya mwaka 1979, kuna kiti cha dereva kilichotoka kwenye gari jingine, kuna ugomvi wake na redio uliokula kurasa mbili. Ukurasa wa mwisho una mistari mitatu: "Oili." "Plagi nne." "Mpira mbele kulia." Miwili ya kwanza ina tiki. Wa tatu hauna. Nililia, kisha siku hiyohiyo nikaenda kununua tairi jipya la mbele kulia, nikaweka tiki kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nikilibadilisha namkosea baba. Nisipolibadilisha namhatarisha mwanangu. Wakati mwingine nafikiri niliuze tu yaishe. Nisaidie nisijione ninachagua kati ya hao wawili.

Mshika Tochi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa siku ile ya nyasi. Uvimbe wa mtoto huisha kwa siku tatu, wa mama unachukua muda wake.

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa kamba moja: breki zilizokuvuta, fundi mwenye haraka, na kaka uliyemwambia uongo. Kwako yote yamekuwa swali moja, baba au mtoto. Niruhusu niifungue hiyo kamba kwanza, kwa sababu moja kati ya hayo huenda ni kazi ya asubuhi moja chini ya gari.

Nimerudia mara nyingi ule mstari wa mwisho wa daftari. "Mpira mbele kulia." Wewe ulisoma tairi, na watu wengi wangesoma hivyo. Lakini aliyeandika alikuwa mtu wa kulala chini ya gari, na huko chini mpira una maana nyingi. Kila gurudumu la mbele la Beetle hupata mafuta ya breki kupitia kipande kifupi cha mpira, maana gurudumu hukata kona na bomba la chuma haliwezi kupinda nalo. Mpira huo ukizeeka huvimba kwa ndani. Kwa nje unaweza kuonekana mzima, kumbe tundu lake limebaki kama la sindano. Ukikanyaga breki ghafla, gurudumu la upande ule linachelewa kushika huku la upande wa pili limeshashika, na gari linavutwa kuelekea upande unaoshika. Mpira wa kulia ukiziba, gari litakwenda kushoto.

Soma tena barua yako uone lilikwenda wapi.

Sijaliona gari, kwa hiyo nasema huenda. Breki za gari hilo ni za ngoma, yaani viatu vya breki hutanuka ndani ya ngoma ya gurudumu na kuibana, nazo hazijirekebishi zenyewe. Mtu anatakiwa aingie na bisibisi azirekebishe gurudumu kwa gurudumu, na upande mmoja ukisahaulika gari huvuta. Wili silinda, ile pampu ndogo inayosukuma viatu hivyo, ikivuja, mafuta hulowesha viatu vya breki vya upande huo navyo havishiki tena. Maji ya mvua yakiingia ndani ya ngoma, mambo ni hayohayo. Na hapa utanisamehe: tairi moja jipya kando ya mwenzake mzee nalo huchangia, hasa kwenye lami iliyolowa. Matairi ya ekseli moja hununuliwa mawili. Yale mengine matatu usiyapime kwa meno peke yake. Tafuta ubavuni herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Gari linalotoka mara moja kwa wiki, mpira wake hufa kwa umri meno yakiwa bado yanang'aa.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu kuna jambo moja katika barua yako ningependa tulitazame pamoja. Unaandika kana kwamba gari lililokutoa kwenye lami ndivyo Beetle lilivyo, kwa hiyo njia ni kuligeuza au kuliacha. Mimi naona ulikuwa unaendesha Beetle lenye breki mbovu. Lenye breki nzima hujawahi kuliendesha tangu liwe lako. Sasa unajuaje kama unahitaji diski?

Diski zenyewe si dhambi. Mwaka 1966 Volkswagen wenyewe walizifunga magurudumu ya mbele ya Beetle la injini ya 1500, na leo seti zake hufungwa kwa bolti bila kukata chochote. Lakini mimi ningeuliza kwanza habari ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Ya gari la 1965 ina njia moja tu: mpira mmoja ukipasuka popote, pedali inakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Beetle za 1967 zilizouzwa Marekani zilikuwa tayari na njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na masta silinda ya namna hiyo inaweza kufungwa kwenye gari kama lako kwa mabadiliko madogo ya mabomba. Haionekani, haipigwi picha, kaka yako anaweza kuja miaka kumi asiitambue. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo humwagwa yote na kuwekwa mapya kila baada ya miaka miwili hivi. Kwenye daftari utaona mara ya mwisho ilikuwa lini.

Siku gari litakapoinuliwa, kuna mpira mwingine wa kutazama: wa petroli, ndani ya chumba cha injini. Petroli ya siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, na ethanoli hula mipira ya zamani. Ikivuja hapo, inadondokea kwenye injini ya moto. Beetle nyingi zimeungua hivyo, na kasha la injini ni aloi ya magnesi, ambayo ikishawaka humwagii maji. Mpira wa petroli ni kitu kidogo mno kubadilisha. Kizima moto cha poda kikae karibu na mkono wa dereva.

Kuhusu vibatari vyako, gari hilo bado ni la volti 6, na taa ya volti 6 huvuta mkondo mara mbili ya taa ya volti 12 yenye wati zilezile. Kwa hiyo kila kiungo chenye kutu na kila swichi iliyochakaa hunyang'anya taa sehemu kubwa ya umeme wake. Kusafisha viungo vya ardhi, yaani vile vinavyorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na kufunga rilei karibu na taa, yaani swichi ya umeme inayoipa taa umeme wa betri kwa njia fupi, kunaweza kukushangaza. Kuhamia volti 12 ni hatua kubwa zaidi: betri, dinamo au alteneta, koili, kila balbu, mota ya vaipa. Nyaya za zamani ni nene, zikiwa nzima hubaki. Nimewahi kuishi na gari la volti 6 kwa miaka kumi na moja, na nakiri kwamba usiku wa mvua nilikuwa naendesha kwa imani.

Sasa injini ya fundi. Anachokisema kina ukweli ndani yake. Malori yanakujia nyuma kwa sababu injini ya 1300 ikiwa mpya kabisa ilifika kama kilomita 120 kwa saa, tena kwenye tambarare. Ila kabla hujatoa fedha, muulize atafanya nini na ekseli za nyuma. Za gari lako ni za bembea: kila gurudumu linaning'inia kwenye giaboksi kwa kiungo kimoja tu. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kisha ukaondoa mguu ghafla, nyuma inanyanyuka, gurudumu linajikunja kuelekea chini ya gari, na mkia unakimbilia mbele. Kwa nguvu ya injini ya baba yako hilo hutokea kwa nadra. Ukizidisha nguvu mara mbili bila kugusa ekseli, unakuwa umenunua kasi kabla ya kununua uwezo wa kuimudu. Wengine watakushauri uligeuze la umeme. Volkswagen walionyesha moja mwaka 2019 likiwa na uzito wa kilo 1,280; lako halifiki 800. Hapo tena tungerudi kwenye breki na ekseli.

Na bati likishakatwa, limekatwa. Sisemi usikate. Nasema mambo yote mengine niliyoyataja hufungwa na kufunguliwa, hilo la bati halirudi, na ndilo pekee ambalo umewekewa tarehe ya mwisho. Injini za namna hiyo zipo nyingi. Kwa nini mwezi huu? Tena mtu aliyetazama gari kwa dakika kumi, umeniambia kama alitoa hata ngoma moja? Kama hakutoa, yawezekana ametibu kabla ya kupima. Huenda ni fundi mzuri wa injini. Kwa breki unaweza kumtafuta mwingine, na si matusi kwake. Vilevile, kabla ya kubadilisha injini ya gari lolote, ulizia ofisi inayosajili magari na kampuni yako ya bima. Bima isiyojua kuna injini nyingine humo inaweza kukukana siku unapoihitaji.

Kuna mengine madogo utakayoyapenda. Pointi za distribyuta, vile vipande vidogo vinavyokata na kuunga umeme wa cheche, zinaweza kubadilishwa kwa kifaa cha elektroniki kinachojificha chini ya kifuniko kilekile. Pointi za baba unaziweka kwenye kisanduku cha dashibodi, kikifa zinarudi kazini. Oili ni lita mbili na nusu tu na hakuna filta ya karatasi, kwa hiyo kila kilomita 5,000 imwagwe, na vali zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Hiyo kazi ya vali jifunze mwenyewe. Tochi umeishika vya kutosha.

Nimemwacha binti mwishoni kwa sababu hapo sina neno laini. Mkanda wa kiti cha nyuma unaweza kufungwa, lakini lazima ushike kwenye chuma imara. Kama gari halina matundu yake ya asili, mchomeleaji anayejua aweke bamba la kuimarisha. Mkanda uliofungwa kwenye bati tupu hung'oka siku unapohitajika. Hata hivyo, ukishafanya hayo yote, shingo ya usukani wa gari la 1965 haijikunji ikigongwa, viti vya mbele havina vizuia kichwa, na mbele yako hakuna injini, kuna tangi la petroli. Breki nzuri hupunguza uwezekano wa kugonga. Haziligeuzi kuwa gari la leo pale unapogongwa. Mume wako huenda anakiona hiki bila kuwa na maneno yake. Baadhi ya wenye magari haya hupanda na watoto wao kwenye barabara za taratibu na kuwaacha nje ya barabara kuu. Wengine hawawapandishi kabisa. Wengine hutafuta gari jingine la kwendea kazini na Beetle likarudia mwisho wa wiki, ambako kwako lilikuwa na furaha. Kila njia ina gharama yake, na zungumza naye kabla hujachagua, si baada. Ningeanza kwa kumuuliza anapokutazama ukitoka anaona nini.

Kuuza nako ni njia, sitakuficha. Lakini ulivyoandika "yaishe" sikusikia mtu aliyechoka na gari. Nilisikia mtu aliyechoka na simu.

Kwa hiyo kaka. Yeye na gari hilo waliingia nyumbani wiki moja. Huenda anapolipiga picha kila mwaka anapima kitu kisichohusu gari. Sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba "alivyoliacha baba" ni injini iliyofungwa 1979, kiti cha gari jingine, na redio iliyoshinda au kushindwa baada ya kurasa mbili. Baba yenu hakuwahi kuliacha gari hilo bila kuligusa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lina Mkataba wake wa Torino, na huko nako mabadiliko ambayo gari liliyapata katika maisha yake ya kazi huhesabiwa kuwa sehemu ya historia yake. Kinachosisitizwa kwa mapya ni yaweze kurudishwa nyuma. Mpigie kaka, umsomee daftari. Usianze na hoja, anza na redio. Ule uongo wa rangi utatafuta mlango wake wa kutokea, na ni heri uufungue wewe kabla hajaja kuligusa bati kwa kidole. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kukumbuka mambo ya chini ya gari ambayo wewe, kwa kuwa ulikuja miaka tisa baadaye, hukuyaona.

Gari lisitoke kwanza. Likiinuliwa, mwombe fundi wa breki abadilishe mipira yote miwili ya mbele, lakini ule wa kulia asiutupe. Mwambie aupasue kwa urefu mbele yako, na wewe ushike tochi. Kama umeziba, utajua ile tiki ilikuwa inangoja nini. Kama uko wazi, niandikie pia, na unieleze viatu vya breki vilikuwa vimelowa au vikavu, tuanze kutafuta upya.